Kujua ndege itakaa hewani masaa mangapi kabla hujapanda

Mathe alitumiwa tiketi ya kwenda kuona wajukuu New York mwezi wa saba, akaishika simu mbali na uso vile hufanya akikosa miwani, akasoma: inatoka Nairobi 23:55, inafika 07:55. Akahesabu na vidole. "Kumbe masaa nane tu! Basi ya Mombasa inanichosha kuliko hiyo."

Sasa hapo ndio wengi huteleza. Saa ya kutoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya kule, kwa hivyo usitoe tu moja kwa nyingine. Mwezi wa saba New York wako nyuma yetu masaa saba (wakirudisha saa zao Novemba inakuwa nane), so hiyo 07:55 yao ni 14:55 huku Kisumu, yaani saa tisa kasoro mchana. Hesabu upya kutoka 23:55 utapata masaa kumi na tano. Na ile +1 ndogo kando ya saa ya kufika, mathe alikuwa anaifuta na kidole akidhani ni uchafu wa skrini, maana yake ni unafika kesho yake.

Kama huna tiketi bado, anza na umbali. Fungua Google Maps, finya kwa muda pale uwanja wa kwanza uko, chagua kupima umbali, halafu sogeza mpaka uwanja wa pili. JKIA (uwanja wa Nairobi) mpaka JFK (ule wa New York) utapata karibu kilomita 11,840. Usishtuke mstari ukipinda juu Sahara, dunia ni mviringo na huo ndio mfupi. Gawanya na 900, hiyo ndio spidi ya jeti kubwa kwa saa, unapata kama masaa 13 na dakika kumi, ongeza nusu saa ya kuzunguka uwanjani, kupanda na kushuka. Mbona tiketi inasema 15? Upepo. Kule juu unavuma sana kutoka magharibi, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma, ndio maana kurudi huwa kama masaa 14.

Lakini hiyo ya 900 usiitumie kwa safari fupi. Kisumu mpaka JKIA ni kama kilomita 280 hewani, ukigawanya utapata dakika 19, na mtu yeyote amewahi panda hiyo ndege anajua ni kama dakika 45 hadi 50, kwa sababu haijamaliza kupanda vizuri inaanza kushuka.

Halafu kuna masaa ya kukaa chini, hayo hakuna ramani inakuonyesha. Uwe JKIA masaa matatu kabla, kwa hivyo ndege ya kutoka Kisumu chukua ya alasiri, usingoje ile ya mwisho, ikichelewa umeachwa. Tulipojumlisha yote, tangu atoke nyumbani Mamboleo mpaka JFK, ilikuwa karibu masaa 24. Mathe akanyamaza kidogo, akauliza kama huko ndani wanapeana chai.