SOMO: Namna ya kumfanya sungura arudi bandani mwenyewe jioni

Wakuu, kila ikifika saa 11 jioni simu yangu inageuka kuwa ya sungura. "Kaingia chini ya kabati." "Kajibana kwenye mabanzi." "Tumemkimbiza mpaka watoto wamechoka." Majibu ni yaleyale, kwa hiyo nayaweka hapa, na atakayenipigia tena nitamtumia hili. Linahusu sungura wa nyumbani anayeachiwa uani mchana na kufungiwa usiku. Wenye sungura wa biashara wasiotoka bandani, hili haliwahusu.

Muelewe kwanza kwamba sungura harudi kwa kuwa umemwita. Anarudi kwa kuwa kitu kitamu kiko ndani na mlango haumtishi. Isitoshe, machweo na alfajiri ndizo saa zake za kuchangamka. Wewe unafunga siku, yeye ndiyo anaianza. Ukitaka kushindana naye mbio saa hiyo, utalala na hasira.

1. Ziba maficho yote ya uani: rundo la matofali, mabanzi, nyuma ya tenki la maji.

2. Bandani kuwe na kona ya giza. Boksi la mbao lililofunikwa linatosha.

3. Ukisafisha, usioshe kila kitu siku moja. Bakiza nyasi chache zenye harufu yake, na punje chache za mavi kwenye kona anayojisaidia. Banda likinuka sabuni tupu analiona si lake.

4. Banda likiwa limeinuliwa, weka ubao wa kupandia wenye vijiti vya kukanyagia. Kuna mtu alinisumbua sana, kumbe banda lake lipo usawa wa kiuno na halina ngazi. Sungura wake angepanda na nini?

5. Hamisha mlo mtamu. Mchana apate nyasi na maji muda wote. Pumba, chakula cha vidonge, kipande kidogo cha karoti: jioni tu, na bandani tu. Nimesema mlo MTAMU, sijasema chakula. Utumbo wa sungura unatakiwa kufanya kazi wakati wote. Akikaa nusu siku bila kutia chochote mdomoni unaweza kuanza kusimama, na hapo ni daktari wa mifugo, si kesho.

6. Mpe mlio. Tikisa kopo lenye punje za mahindi kila unapoweka chakula, kopo lilelile. Fanya hivyo nusu saa hivi kabla ya giza, na usifuate saa ya ukutani mwaka mzima. Hapa Mbeya mwezi Juni jua linazama kama saa 12:35 jioni, Desemba linasogea mpaka saa 1:00. Fuata mwanga.

7. MLANGO. Someni hapa mara mbili. Mimi mwenyewe niliharibu hapa, na ndipo karibu wote wanaonipigia wanapoharibu.

Sungura anaingia, mtu anarukia komeo. Jioni ya kwanza inakubali, ya pili inakubali. Baadaye unamkuta amesimama mlangoni, ananusa, anakiangalia chakula, anageuka zake. Ameshapiga hesabu: kuingia ni kufungwa. Wangu alifikia hatua ya kudaka karoti na kutoka nayo kabla mkono wangu haujagusa komeo. Dawa yake ni kuuondolea mlango ubaya. Uache wazi tangu asubuhi, aingie na kutoka anavyotaka. Alasiri tikisa kopo, mpe kidogo ndani, mwache atoke. Rudia. Kuingia mara nyingi kusiishie kwenye kufungiwa. Jioni ya kufunga kweli, ngoja ainamishe kichwa na kutafuna, ndipo usogee kwa ubavuni na kufunga polepole, komeo lisigonge. Usimwinamie. Kwa sungura, kinachoshuka kutoka juu ni mwewe.

Onyo la hatua hii: USIMKIMBIZE, hata mara moja. Jioni moja ya kukimbizana inafuta kazi ya wiki nzima. Usimfungie kama adhabu akiwa ametafuna waya au kapeti. Na asiguswe masikio. Sungura aliyening'inizwa akirusha miguu ya nyuma anaweza kujivunja mgongo; mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine uubebe mkia na makalio.

8. Wengi wanaelewa ndani ya wiki moja au mbili. Kuna wabishi.

Kwa wale ambao usiku wa leo yuko nje na hajafunzwa: chukueni vipande viwili virefu vya boksi, mvifanye ukuta, mmpunguzie nafasi taratibu mpaka ukuta ufike mlangoni. Bila kelele. Msimwache nje, vicheche na mbwa wa mtaani hawalali.

MASWALI

Kijana wa Isyesye: Mkuu mbona wangu harudi?

Jibu: Hatua ya 7.

Kijana wa Isyesye: Nimeisoma. Tangu jana nimemnyima kila kitu ili njaa imrudishe, bado kajificha tu, hata kopo haliangalii.

Jibu: Hukusoma. Rudi hatua ya 5, lakini kwanza mpe nyasi mbichi na maji SASA HIVI. Asipokula, au usipoona mavi mapya, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Hilo la kurudi bandani tutaliongea akiwa mzima.

Mnyalu, Iringa: Kamwene. Mzee wangu alifuga sungura Ifunda bila haya masharti yote, na hakuna aliyepotea.

Jibu: Kamwene. Walikuwa wanatoka nje jioni?

Mnyalu, Iringa: Hapana, walikaa bandani mpaka siku ya kuchinjwa.

Jibu: Basi wangepoteaje, ndugu yangu? Nimeandika juu kabisa kwamba somo si la hao.

Dada wa Makete: Asante kwa somo. Huku Juni na Julai kuna siku tunaamka nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Wangu anaingia vizuri, ila najiuliza kama namfungia mahali pabaya kuliko nje. Nimuingize jikoni?

Jibu: Swali zuri sana dada. Sungura mwenye manyoya makavu anavumilia baridi kuliko joto. Kinachomuua ni maji na upepo. Banda liezekwe vizuri, pande tatu ziwe za mbao, na upande wa wavu usielekee unakotokea upepo. Usiku wa baridi ning'iniza gunia mbele ya wavu, lakini acha nafasi juu hewa ipite, maana mvuke wa mkojo ukijaa ndani unamharibu mapafu. Nyasi kavu ziwe nyingi, ajichimbie. Asubuhi angalia chombo cha maji. Pakiwa na utando wa barafu, badilisha kwa maji ya uvuguvugu. Jikoni kwenye moshi wa kuni usimpeleke. Watoto wachanga wasio na manyoya ni habari nyingine, hao wanahitaji boksi lenye manyoya ya mama yao.

Bwana Mdogo, Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Huku shida yetu ni siafu. Ukimfungia usiku wakaja, hana pa kukimbilia.

Mama G, Mafinga: Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu. Kwetu tunafanya hivyo na hawapandi.

Jibu: Mama G yuko sahihi. Naongeza jambo ambalo watu wanalisahau: UBAO WA KUPANDIA. Miguu minne iko kwenye oili, halafu ubao umegusa ardhi, siafu wanapita barabara kuu. Ukishafunga, ondoa ubao. Angalia na majani ya mgomba yanayoegemea paa. Makopo yafunike mchana sungura akiwa nje, asije akaramba.

Mama G, Mafinga: Nami nina la kwangu. Jike langu lilikuwa linarudi vizuri, ghafla limegoma. Linachimba shimo nyuma ya choo na linabeba nyasi mdomoni.

Jibu: Alishakutana na dume?

Mama G, Mafinga: Dume la jirani lilipita kwenye uzio mwezi uliopita.

Jibu: Huyo hajagoma, anatafuta pa kuzalia. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32, kwa hiyo fanya haraka. Ingiza bandani boksi la kuzalia, ajae tu na kugeuka, lenye nyasi kavu laini. Zile nyasi alizokusanya shimoni zihamishie humo. Akianza kujing'oa manyoya ya kifuani, bado saa chache au siku moja. Lifukie shimo, ila uhakikishe kwanza hajazaa humo. Na usishangae akikosa kuzaa. Majike hupata pia mimba ya uongo na kufanya vituko hivihivi. Uzio nao uzibe.

Kijana wa Isyesye: Amekula mkuu, na mavi nimeyaona. Nimempa na majani ya parachichi, yapo mengi uani.

Jibu: YAONDOE. Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, na ya viazi mviringo na nyanya usimpe pia. Mpe matembele, kishona nguo, nyasi. Kaa naye karibu leo, na ukiona anahema kwa shida mpeleke kwa daktari. Nafurahi amekula.

Dada wa Makete: Hizo nyasi kavu mnazipata wapi kiangazi? Huku kuanzia Agosti kila kitu kimekauka na kuungua.

Jibu: Hazinunuliwi kiangazi, zinatengenezwa mvua zinapoisha. Mwezi Mei, nyasi zikiwa bado kijani, kata, tandaza juani siku mbili tatu ukizigeuza, kisha malizia kivulini zibaki na rangi. Hifadhi darini au juu ya mbao, zisiguse sakafu. Ukishika ukaona vumbi jeupe au zikanuka uvundo, usimpe, zipeleke kwenye mbolea.