Kifuniko cha chupa si kipimo cha dawa ya kupe

Tangu habari za mzio wa nyama zianze kuzunguka kwenye simu, wafugaji wa Kiruhura na Isingiro, magharibi mwa Uganda, wananiuliza swali moja: afisa, tuache kula nyama? Nami nawauliza: dawa ya kupe mnapima na nini? Hapo mzee mmoja huniletea kifuniko cha chupa.

Mzio huo upo kweli. Kupe akiuma, mate yake huweza kuuchokoza mwili uikatae sukari iitwayo alfa-gali, ambayo imo katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, lakini haimo katika kuku wala samaki. Huko Marekani anayelaumiwa ni kupe aitwaye Amblyomma americanum, ambaye huku kwetu hayupo. Australia yupo mwingine, na Afrika Kusini wagonjwa wamepatikana vijijini Eastern Cape. Kinachowachanganya watu ni saa: vipele, tumbo kukata au kutapika huja saa 2 hadi 6 baada ya mlo, kwa hiyo nyama ya jioni inamwamsha mtu usiku wa manane, naye analaumu maziwa aliyolalia. Likikupata, andika ulichokula na saa uliyokula, uende kituo cha afya. Pumzi ikibana au uso ukivimba, usingoje kupambazuke.

Sasa turudi kwenye kifuniko. Nilikipima kimoja kwa bomba la sindano: mililita 11. Mwenyewe alikuwa anatia viwili katika lita 20 za maji, yaani mililita 22. Dawa ya kupe iitwayo amitrazi, ya asilimia 12.5, inataka mililita 2 kwa kila lita, ndiyo 40 kwa lita 20. Alikuwa anatia nusu ya dawa tu! Kisha dumu hilohilo moja akaogeshea ng'ombe 12. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hivi, hivyo lita 20 ni za ng'ombe wanne. Ng'ombe 12 wanataka lita 60 na mililita 120 za dawa. Piga hesabu kabla hujafungua chupa. Kama dawa yako ni nyingine, fuata kipimo kilichoandikwa juu yake, si cha jirani.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, ulifunge kwa kamba kwenye pampu lisipotee. Tia maji nusu, kisha dawa, koroga, ndipo ujazie. Tumia siku hiyohiyo. Iliyolala ni ya kumwaga, mbali na kisima. Lowesha ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Wengi wanalowesha mgongo unaong'aa na kuacha masikio, ambako kupe anayeleta ugonjwa wa ndigana kali ndiko anakokaa. Rudia kila siku ya 7, na usinyunyize mvua ikiwa imetanda.

Dawa pungufu humwacha kupe hai, na anayebaki hai ndiye anayezaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kupe wa magharibi na kati ya Uganda wanaostahimili zaidi ya kundi moja la dawa. Halafu watu wanachanganya dawa mbili katika dumu moja, wakidhani ukali utaongezeka! Acheni. Dawa ikishindwa ilhali umepima sawasawa, mwite daktari wa mifugo akuchagulie ya kundi jingine.

Ukifaulu, siku ya pili masikio yatakuwa safi.

Kupe waliosalia hawachagui: leo ng'ombe, kesho kijana anayekamua. Jikague kinenani, kwapani na nyuma ya magoti kila jioni. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Mafuta ya taa hapana, kiberiti hapana, na amitrazi ya ng'ombe usijipake hata tone.