Toa upepo kidogo ukiingia njia za bondeni
Wa baiskeli za mwendo wa pole, ukiacha lami ukashika kile kinjia laini cha kando ya matete, shuka kwanza utoe upepo kidogo tairi zote mbili, mpaka ukiminya kwa dole gumba inabonyea kiasi tu. Tairi likilegea linatanuka pale linapogusa chini, uzito unasambaa halizami ovyo kwenye udongo mbichi, na mtikisiko unapungua kwahiyo hata mgongo unapona. Ila usizidishe hasa kama umefunga mizigo nyuma, maana ukigonga jiwe au ukingo wa daraja la mbao rimu inabana tyubu, unapata pancha ya matundu mawili yamekaa sambamba. Kwenye matope ya kunata kutoa upepo ndo haisaidii kabisa, hapo shuka usukume. Na pampu usiache, ukirudi lami jaza tena la sivyo baiskeli inakuwa nzito balaa.