Kupata uwanja na watu wa kucheza nao tenisi mjini
Fungua ramani kwenye simu, weka picha ya setilaiti, viwanja utaviona toka juu, mstatili wenye mistari myeupe, vingi vimejificha nyuma ya hoteli na vyuo huko. Halafu nenda mwenyewe, kupiga simu kunapoteza muda tu. Nenda jioni watu wakitoka kazini, kaa pembeni raketi ionekane, maana wanaocheza wawili kwa wawili wakipungukiwa mtu watakuita wenyewe. Kocha naye muulize nani wa levo yako, anawajua wote. Kama una namba ya WTN ya ITF, yaani kipimo cha levo ya mchezaji cha shirikisho la tenisi la dunia (40 ndo anayeanza, 1 ndo moto), itaje, ila usijikweze. Ukikosa mtu kabisa, gonga mpira ukutani, na unayemkuta hapo muombe namba ya simu.