Namna ya Kumwangalia Nyumbani Mgonjwa wa Saratani Aliye Kwenye Tiba ya Kinga

Familia nyingi za Mombasa zinapoelezwa kuwa mgonjwa wao ataanza tiba ya kinga, hudhani ni kemotherapi ya aina nyingine, na hujiandaa kwa kutapika na kunyonyoka nywele. Maandalizi hayo hayatoshi. Dawa hizi haziishambulii saratani moja kwa moja, bali huziachilia seli za kinga za mgonjwa zifanye kazi hiyo, na madhara yake makubwa ni mchochota, yaani ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata moto na kuuma, ambao unaweza kuzuka katika kiungo chochote. Mwongozo huu ni wa yule anayelala nyumba moja na mgonjwa, awe mke, mwana au shangazi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeziona dalili kabla ya daktari.

Anza kwa kuelewa jinsi seli zenyewe zinavyofanya kazi. Seli dendriti, ambazo ni seli za kinga zinazokusanya taarifa, huokota vipande vya protini kwenye uvimbe wa saratani na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, ambako huvionyesha kwa seli T, yaani askari wa kinga ya mwili. Seli T itakayokitambua kipande hicho kuwa kigeni huzaliana kwa wingi, huingia katika damu na kuufuata uvimbe hadi ulipo. Ikifika humwaga saitokaini, ambazo ni kemikali za mawasiliano, mojawapo ikiwa ni intaferoni gama, nazo huziita makrofeji, yaani seli zinazomeza vijidudu na uchafu, na seli nyingine zije kusaidia. Huo ndio mchochota unaotakiwa, lakini mwili hauuachi uendelee bila kikomo. Intaferoni gama hiyo hiyo huzifanya seli za jirani, zikiwemo za saratani, zitoe juu yake protini iitwayo PD-L1, ambayo ikishikana na PD-1, kipokezi (yaani protini inayopokea ujumbe) kilicho juu ya seli T, seli hiyo hupoa. Kipokezi kingine, CTLA-4, huizuia seli T mapema zaidi, inapoamshwa kwenye tezi za limfu. Zipo pia seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine za kinga, ambazo Shimon Sakaguchi alizibainisha mwaka 1995 na ambazo zilimfanya ashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Seli hizi hunyonya interleukini-2, saitokaini ambayo seli T nyingine huihitaji, hutoa interleukini-10 inayotuliza mchochota, na hubeba CTLA-4 tele.

Saratani hujificha nyuma ya utaratibu huu wa kutuliza. James Allison na Tasuku Honjo, waliopata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, walionyesha kwamba vizuizi hivyo vinaweza kuondolewa. Ipilimumabu, inayoifunga CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na pembrolizumabu na nivolumabu, zinazoifunga PD-1, zikafuata mwaka 2014. Shida ni kwamba dawa inayoingia kwenye mshipa haichagui mahali. Utumbo, mapafu, ngozi na tezi hutegemea vizuizi hivyo hivyo ili vibaki salama, na vikiondolewa, seli T huweza kuvigeukia viungo visivyo na kosa lolote.

Kabla ya dripu ya kwanza, nunua daftari. Andika mgonjwa huenda choo mara ngapi kwa siku akiwa katika hali yake ya kawaida, uzito wake, shinikizo la damu, na umbali anaoweza kutembea bila kuhema. Mweleze daktari ikiwa mgonjwa amewahi kuwa na lupasi, baridi yabisi au ugonjwa wowote wa kinga kuushambulia mwili, au amepandikizwa figo. Vipimo vya ini, figo, sukari na tezi ya thairoidi, pamoja na uchunguzi wa homa ya ini aina ya B na kifua kikuu, vifanywe mapema, kwa sababu dawa za kutuliza mchochota zinaweza kuyaamsha maradhi hayo mawili yaliyolala. Pia omba nambari ya simu ya kitengo cha saratani inayopokelewa hata usiku.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote hapa kwetu ni kuhara. Mgonjwa akianza kuhara, watu wa nyumbani huyalaumu maji ya mkokoteni au viazi karai vya jana, kijana anatumwa duka la dawa, naye anarudi na vidonge vya kufunga tumbo na vya kuua vijidudu. Huenda kweli ni maji, lakini huenda pia ni seli T zimeuingia ukuta wa utumbo mpana, hasa kwa anayetumia ipilimumabu, na dalili hii mara nyingi hujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanza tiba, wakati familia imekwishatulia. Vidonge vya kufunga tumbo hupunguza safari za chooni huku utumbo ukiendelea kuchubuka, hata kufikia kutoboka. Kwa hiyo usivinunue kwanza; fungua daftari. Andika saa, wingi, rangi, na kama kuna kamasi au damu: "Saa nane usiku, maji matupu. Saa kumi, kamasi. Saa kumi na mbili, damu kidogo, tumbo linakata." Madaktari huhesabu kwa kulinganisha na kawaida ya mgonjwa: safari za chooni zikizidi kawaida yake kwa 4 hadi 6 kwa siku, piga simu siku hiyo hiyo, zikizidi kwa 7 au zaidi, au kukiwa na damu, homa au maumivu makali, mpeleke hospitali bila kusubiri asubuhi. Huko choo kitapimwa kwanza ili kujua kama kuna maambukizi, maana matibabu yanatofautiana.

Kifua nacho kina hila zake. Kikohozi kikavu hapa hupewa jina la vumbi au upepo wa kaskazi, na ndiyo maana ni afadhali kuangalia pumzi kuliko kikohozi. Mama aliyekuwa akiupanda mwinuko wa feri pale Likoni bila kusimama, na sasa anashika reli katikati ya njia akitafuta hewa, anapaswa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kope kulegea hayasubiri hata saa moja, kwani mchochota wa msuli wa moyo ni nadra lakini huua haraka. Kiu isiyokatika pamoja na kukojoa sana huenda ikawa kisukari cha ghafla. Uchovu usioelezeka na kuona baridi huelekeza kwenye thairoidi. Vipele vinavyowasha vinafanana na harara. Vionyeshe kliniki, na vikienea mwilini au ngozi ikifanya malengelenge, nenda mara moja.

Homa ina njia yake katika mji wenye malaria, dengue na chikungunya. Pima malaria, lakini kipimo kikisoma kuwa ipo, usichukulie kwamba jibu limekamilika. Kila mhudumu atakayemgusa mgonjwa aambiwe jina la dawa anayotumia na tarehe ya dripu ya mwisho.

Mchochota ukithibitika, matibabu ya kwanza mara nyingi ni prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, ambayo huzizuia seli T zisitoe saitokaini. Kiwango hupangwa na daktari kwa uzito wa mwili. Tumbo lisiposikia, hutumika infliksimabu inayoifunga saitokaini iitwayo TNF. Wapo wanaoogopa kwamba steroidi itaifuta kazi ya tiba, wakaificha chini ya mto. Nawasihi wasifanye hivyo, kwani wagonjwa wengi waliopewa steroidi kwa sababu hii wameendelea kunufaika. Kosa lingine ni kuiacha ghafla mgonjwa anapopata nafuu. Hupunguzwa polepole, kwa kawaida kwa wiki 4 au zaidi, maana mchochota hurudi na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinahitaji muda wa kuanza tena kazi yake. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, ongea na daktari mapema kuhusu saumu, na usihamishe saa za dawa kwa uamuzi wako. Habat soda, mlonge na chochote kinachouzwa kwa sifa ya kuongeza kinga vitajwe kwa daktari kabla ya kutumiwa.

Dripu zikiisha, daftari lisitupwe. Seli T zilizoamshwa hubaki mwilini, na mchochota umewahi kuonekana miezi mingi baada ya dozi ya mwisho. Mwandikie mgonjwa kadi yenye jina la dawa, tarehe na nambari ya kitengo, aiweke pamoja na kitambulisho chake, ili hata akiugua akiwa safarini Lamu au Voi, daktari atakayempokea ajue pa kuanzia.