Jinsi ya kusoma tafiti za maoni kuhusu evolusheni na dini bila kupigwa chenga

Kwenye grupu la WhatsApp mtu akituma "asilimia kadhaa wanakataa evolusheni" (yaani kwamba viumbe, binadamu akiwemo, hubadilika polepole kizazi hadi kizazi) usikimbilie kubishana. Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali na tableti mkononi, namba hizo nazisoma hivi.

Hatua ya 1: tafuta swali lenyewe, neno kwa neno. Kazi yote iko hapa. Pew, shirika la utafiti kule Marekani, 2018 waliuliza kwa njia mbili, kundi moja likaulizwa kwanza kama binadamu alibadilika ama yuko hivi tangu mwanzo, Mungu akaja kutajwa kwenye swali la pili, basi 31% wakasema yuko hivi tangu mwanzo. Kundi lingine likapewa majibu yote matatu kwa mpigo, pamoja na lile la kubadilika kwa uongozi wa Mungu, waliokataa wakashuka hadi 18%. Nchi ileile, mwaka uleule! Yaani wengi walikuwa wanatafuta tu pa kumweka Mungu. Gallup, shirika lingine la kura za maoni huko huko, nao wanauliza tangu 1982 lakini jibu lao la uumbaji linasema Mungu alimuumba binadamu alivyo ndani ya miaka 10,000 hivi iliyopita, kwa hiyo 37% yao ya 2024 usiilinganishe na ya Pew.

Hatua ya 2: nani kaulizwa? Namba za Marekani si za Uganda. Sensa yetu ya 2014 Wakatoliki walikuwa kama 39%, na Papa Yohane Paulo II alishasema 1996 kwamba evolusheni ni zaidi ya dhana tu, sasa ukidhani kila mtu wa kanisani anaikataa umekurupuka.

Hatua ya 3: idadi. Watu 2,400, kama Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni Afrika, wanavyohoji hapa Uganda, makosa (yaani jibu la kweli linaweza kupishana kiasi gani na namba ya utafiti) ni pointi 2 za asilimia juu au chini. Chomoa Waislamu peke yao, wanabaki kama 330, makosa yanapita pointi 5.

Hatua ya 4: mahojiano yalifanyikia wapi? Uko Arua chini ya mwembe, chairman wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, amevuta kiti pembeni, mama mkwe anamenya mihogo huku sikio liko kwenu, nani atajibu kwamba Mungu hakuhusika? Atakwambia "aah, hayo ya nyani mimi sijui", nawe unabonyeza "sijui". Humo yumo ambaye hajawahi kusikia, yumo anayeogopa, yumo anayetaka tu uondoke akalime. Kwa hiyo angalia kama ripoti imewatoa hao wa "sijui" kabla ya kupiga hesabu: kwa watu 100, wakikataa 35 na 30 wakasema sijui, ukiwatoa hao 30 wale 35 wanakuwa 50%.