Namna ya Kupima Njia ya Kwenda Zahanati Kabla ya Kupanga Barabara ya Mtaa

Kwenye ramani ya kata, zahanati huweza kuonekana iko kilomita moja tu kutoka nyumba za bondeni, ilhali masika yakianza mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kuzunguka mara mbili ya umbali huo kwa kuwa mahali pa kuvukia mto pamefunikwa na maji. Ndiyo maana hapa Dar es Salaam mimi huanza kupanga kwa miguu.

Hatua ya 1: Watafute wasiofika. Ukiwahoji waliokaa kwenye foleni ya zahanati peke yao, utapata maoni ya waliokwisha kufika. Mwombe mwenyekiti wa mtaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakuonyeshe nyumba ambazo watu wake hukatisha kliniki.

Hatua ya 2: Tembea nao siku ya kliniki, kwa mwendo wao. Andika dakika, nauli yote pamoja na ya bodaboda ya kutokea bondeni, na kila mahali mtu anaposimama. Niliwahi kufuatana na bibi mmoja mwenye mkongojo. Tulisimama dakika 11 kando ya barabara kuu, mbele ya kivuko ambacho mistari yake myeupe ilikwisha kufutika, tukisubiri magari yapungue, na baada ya kuvuka tulitembea dakika 6 tu hadi mlangoni. Kipimo cha umbali kisingeonyesha hilo kamwe.

Hatua ya 3: Chagua suluhisho kulingana na kikwazo. Wakazi wengi huomba lami kwanza, nami huwaelewa, ila lami bila matuta huwapa madereva nafasi ya kukimbia. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale ambapo watu na magari huchanganyika.

Hatua ya 4: Peleka ombi kwa mhusika. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaa chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo barua, jedwali la dakika na picha vifike miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 5: Rudi wakati wa masika. Pita njia ile ile na watu wale wale, upime upya. Dakika za kusubiri zisipopungua, kagua kwanza kama matuta yamelika au kivuko kimegeuzwa maegesho ya bajaji.